Lami, mchanga au mlima: kikundi chenu kijiandae wapi kwa matembezi ya hisani ya Kusini?

Kikundi cha vijana kikishakubaliana kwamba kitatembea kutoka Uwanja wa Ilulu, Lindi, hadi Nangwanda Sijaona, Mtwara, kuchangisha pesa za madawati au za vitanda vya wodi ya wazazi, ubishi wa kwanza hauwi wa pesa. Huwa ni wa mazoezi yafanyike wapi. Anayekaa Shangani, pale Mtwara mjini, atapigania ufukwe kwa kuwa uko mlangoni kwake. Anayekaa Magomeni atasema lami, maana safari yenyewe ni ya lami. Na hakosi mmoja mwenye kwao Newala wa kuwaambia kwamba asiyepanda mlima hajafanya mazoezi bado. Wote watatu wana hoja.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya kikundi cha namna hiyo: watu kumi hadi ishirini, kila mmoja na raba yake moja, wengi wana shughuli za kutwa, na wamebakiwa na miezi mitatu au minne. Kipimo changu ni safari hiyo ya Lindi hadi Mtwara, kama kilomita 105 kwa barabara. Mkienda kilomita nne kwa saa, mapumziko mafupi yakiwamo, hizo ni saa 26 na zaidi za kuwa njiani. Zigawanyeni kwa siku tatu, kila siku inakuwa kilomita 35, karibu saa tisa juani. Wapo wanaotaka kufuata mtindo wa Trailwalker, matembezi yaliyoanza Hong Kong mwaka 1981 kama zoezi la askari wa Gurkha kisha yakafunguliwa kwa raia: timu ya watu wanne, kilomita 100, ndani ya saa 48. Kwa kikundi kinachoanza, na kwa joto la huku kwetu, mimi ningebaki na siku tatu.

Vipimo nilivyotumia

Vipimo ni vinne, na kila eneo nimelipitisha kwenye vyote. Cha kwanza ni miguu: eneo hilo linaufundisha mwili kitu gani, na linaumiza wapi. Cha pili ni maji na kivuli. Cha tatu ni usalama, yaani magari, mawimbi, upweke wa njia na umbali wa kufika hospitali. Cha nne ni gharama na muda, kwa sababu zoezi zuri lisilofanyika halimsaidii mtu.

Pumzi sikuiweka kati ya vipimo, na nimefanya hivyo makusudi. Kijana anayecheza mpira jioni pumzi anayo ya kutosha kutembea. Watu hawatolewi njiani na mapafu. Wanatolewa na malengelenge, mapaja yaliyobabuka, kichwa kinachogonga kwa jua, na ugomvi wa nani anaenda mbio na nani anachelewesha wenzake.

Kabla ya kuchagua eneo, angalieni msimu. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusi unapuliza, asubuhi kuna ubaridi, na hapo ndipo mtu anaweza kutembea hadi saa nne bila kuungua. Desemba hadi Machi ni kaskazi, joto la unyevunyevu, na mvua zinazoendelea hadi Aprili. Katikati hapo kuna korosho. Mavuno yakianza, nusu ya kikundi itakuwa mashambani kuokota, na si haki kuwalaumu. Lakini pesa ya Kusini nayo hutoka wakati huohuo, minada ikishafanyika na wakulima wakishalipwa, na ahadi za michango hunenepa hapo. Ningetembea Agosti, nikaandikisha ahadi kabla ya safari, na kuzifuatilia korosho ikishalipwa. Hilo lakini ni la mweka hazina. Turudi kwenye miguu.

Lami: Mtwara hadi Mikindani na kurudi

Hii ndiyo njia inayomjia kila mtu akilini. Kutoka katikati ya mji hadi Mikindani ni kilomita kumi na kidogo, kwa hiyo kwenda na kurudi mnapata ishirini na ushee bila kupiga hesabu. Mnaweza kugeuzia penye Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, au mshuke hadi chini kwenye nyumba za kale na bandari ndogo ambako Livingstone aliianzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866.

Miguu. Lami ni ngumu na haibadiliki. Hatua ya kwanza na ya elfu kumi zinatua vilevile, kwenye unyayo uleule, kwa hiyo kinachouma ni unyayo, ugoko na nyonga. Ubaya huohuo ndio faida yake: safari yenu itakuwa hivyohivyo, na ngozi ya mguu hukomaa kwa kile inachokizoea. Kuna jambo moja wengi hawalitazami. Barabara imeinuka katikati na kuinama pembeni ili maji ya mvua yatiririke. Ukitembea ukingo mmoja kutwa nzima, mguu mmoja unakanyaga chini kuliko mwingine, na kufikia jioni nyonga ya upande mmoja inalalamika wala hujui kwa nini. Penye njia ya vumbi iliyo tambarare kando ya lami, ifuateni.

Lami pia ndiyo inayokutambulishia raba yako. Mguu huvimba baada ya saa kadhaa, kwa hiyo raba ijaribiwe jioni, uwe na soksi utakayosafiri nayo, na mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole. Ya mtumba si mbaya, mradi soli isiwe imeliwa upande mmoja na mwenyewe wa kwanza. Mafuta ya mgando yapakwe mapajani na kwenye visigino kabla ya kuondoka. Ukingoja hadi paanze kuwaka umechelewa.

Maji na kivuli. Maji si tatizo, maduka yapo na madafu yapo. Kivuli ni kidogo katikati ya njia, na ikifika saa nne lami inatoa joto kutoka chini huku jua likichoma kutoka juu. Mkiondoka saa kumi na moja alfajiri mtakuwa mmerudi kabla adhabu hiyo haijaanza.

Usalama. Hapa lami inapoteza alama nyingi. Barabara hii inabeba malori ya saruji, malori ya makaa ya mawe yanayotoka Songea kwenda bandarini, na msimu ukifika, ya korosho. Bodaboda nazo hazina habari na mtu anayetembea. Tembeeni upande wa kulia ili magari yanayowakaribia mwaone usoni, mstari mmoja na si watatu watatu mkipiga soga, na wa mbele na wa nyuma wavae vile vizibao vinavyong'aa vya bodaboda. Hedifoni zibaki nyumbani. Kwa upande wa tiba, hakuna eneo linaloizidi njia hii: Ligula iko mjini, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo.

Gharama na muda. Karibu bure. Aliyechoka anapanda daladala na kurudi nyumbani, na asubuhi moja inatosha.

Inawafaa wenye kazi za kutwa, wanaoanza kabisa, na kikundi ambacho bado hakijajua mwendo wake. Kwenye lami mtagundua haraka kwamba mwenye mwendo mdogo ndiye anayepaswa kutangulia. Akiwekwa nyuma, kila anapowafikia nyie mnamaliza kupumzika na yeye hajapumzika.

Mchanga: Shangani, Msangamkuu na Msimbati

Ufukwe una wapenzi wengi na wanaoujua ni wachache. Kwa zoezi la asubuhi kuna Shangani. Mkitaka mabadiliko, mnavuka na kivuko hadi Msangamkuu. Kwa siku nzima kuna Msimbati, kusini kuelekea mdomo wa Ruvuma, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000.

Miguu. Mchanga mkavu na mlaini unakula nguvu zaidi ya mara mbili ya ardhi ngumu kwa mwendo uleule. Wataalamu wamepima, na paja lako litathibitisha. Sababu ni kwamba kila unapojisukuma, mchanga unateleza nyuma, na sehemu ya nguvu inapotelea humo. Vigimbi, vifundo vya miguu na misuli midogo ya unyayo ambayo raba imeilaza kwa miaka vinalazimika kufanya kazi. Kishindo nacho ni kidogo, kwa hiyo magoti yenye historia ya kuumia mpirani hupumua huku. Upande wa pili, mshipa mnene wa nyuma ya kisigino unavutwa kuliko kawaida, na mtu akianza na saa mbili za mchanga mlaini siku ya kwanza, kesho yake atashuka kitandani kwa kuchechemea. Dakika ishirini za mchanga mlaini ndani ya zoezi la saa moja zinatosha kwa wiki za mwanzo. Mkae zaidi kwenye mchanga ulioloa, ule mgumu ulioachwa na maji yaliyotoka kupwa.

Hapo ndipo penye elimu ya ufukwe wote: ratiba anaipanga bahari. Maji yakijaa, mchanga mgumu haupo, mnabanwa juu kwenye mlaini au kwenye miamba ya matumbawe inayokata kama wembe. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika hamsini, kwa hiyo Jumamosi hii yakiwa yamepwa alfajiri, Jumamosi ijayo saa ileile mtakuta yamejaa. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanakwenda mbali sana na kurudi juu sana. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Ulizeni wavuvi. Swali fupi, "Shikamoo mzee, leo maji yanapwa saa ngapi?", litawapa jibu sahihi kuliko kubahatisha.

Maji na kivuli. Maji ya kunywa mnabeba. Minazi ipo Msimbati, lakini kivuli cha mnazi ni chembamba, na mwanga unaoakisiwa na mchanga na bahari unachoma hata chini ya kidevu. Kofia pana, mikono mirefu, kanga au shuka jepesi begani. Upepo wa bahari unadanganya: unakausha jasho, mtu anadhani hajapoteza maji, kumbe amepoteza mengi.

Usalama. Hakuna malori, na hilo si dogo. Ila kuna sehemu tupu ambako mtu mmoja mmoja, hasa dada zetu, asiende peke yake alfajiri. Mkikutana na mikoko msijaribu kuikatiza. Tope lake linameza raba na linaficha magamba ya chaza. Na Msimbati mtu akiumia, hospitali kubwa iko mjini, mbali.

Gharama na muda. Shangani ni bure. Msangamkuu ni nauli ya kivuko na kusubiri. Msimbati ni kukodi gari au kupangana kwa bodaboda na kumaliza siku.

Inawafaa wenye magoti yanayouma, wenye vifundo dhaifu, na wanaokaa karibu na bahari ambao wangeacha mazoezi kama yangewataka wapande daladala kwanza. Hauwafai wenye mwezi mmoja tu, maana faida yake inachelewa kuonekana na maumivu yake yanawahi.

Mlima: Newala na ukingo wa Uwanda wa Makonde

Uwanda wa Makonde unapanda polepole kutoka upande wa bahari, halafu upande wa Newala unakatika ghafla. Pale Shimo la Mungu unasimama ukingoni, bonde la Ruvuma limetandaa chini na Msumbiji iko ng'ambo. Njia za miguu zinateremka kutoka ukingoni hadi mashambani. Ndizo ngazi zenu.

Miguu. Kupanda kunajenga paja, kalio na subira. Lakini thamani kubwa ya Newala iko kwenye kushuka. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki huku ikirefushwa, na mazoezi ya tambarare hayaigusi misuli hiyo hivyo. Mtu hushuka akicheka, kesho yake anashindwa kukaa kwenye kigoda. Ukirudia baada ya wiki mbili, maumivu yanapungua sana, mwili umeshajifunza. Barabara ya Lindi na Mtwara inapanda na kushuka, si meza, na siku ya tatu miguu ikiwa imechoka kila mteremko unahesabiwa. Kucha zikatwe mapema na kamba za raba zikazwe juu ya kifundo kabla ya kushuka, la sivyo kidole gumba kitagonga mbele hadi ukucha uwe mweusi.

Maji na kivuli. Mikorosho ina kivuli kizito na hewa ya juu ina ubaridi. Maji ni habari nyingine. Udongo wa uwandani unanyonya mvua hadi chini sana, na chemchemi ziko chini ya ukingo. Kabla ya mabomba ya mradi wa Makonde, na hata baadaye yalipokatika, akina mama walishuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Bibi zetu walifanya zoezi hili miaka yote bila fulana wala mfadhili. Kwa hiyo, kwa adabu: Kusini mtu hanyimwi maji ya kunywa akipiga hodi, lakini vijana ishirini wakipiga hodi nyumba moja uwandani wanamaliza maji ya siku ya familia. Bebeni yenu, lita mbili mtu mmoja kwa asubuhi, na mnunue mengine dukani.

Maji matupu kwa saa nyingi hayatoshi, hapo na kwingine kote. Changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chakula cha njiani nacho kiwe kile tumbo linakijua. Korosho zina nguvu nyingi kwa uzito mdogo, muhogo wa kuchemsha unashibisha, na ming'oko ikiwa ni msimu wake hakuna atakayekataa.

Usalama. Njia za ukingoni zina mawe yanayobiringika, na mvua ikinyesha zinateleza. Nendeni na mwenyeji. Simu ziwe na chaji. Aliyeteguka mguu katikati ya mteremko atabebwa, gari halifiki. Magari barabarani ni machache kuliko njia ya Mikindani.

Gharama na muda. Hapa ndipo wengi wanapokwama: basi kupitia Nanyamba na Tandahimba, gesti ya usiku mmoja, chakula. Mkiwa na mwenzenu mwenye kwao huko, mtalala kwao, na gharama inabaki nauli na kilo chache za mchele za kumpelekea mama mwenye nyumba. Wa Lindi wana uwanda wao wa Rondo, na hata vilima vya nyuma ya mji wao vinatosha kwa zoezi la jioni.

Unawafaa waliokwisha zoea kutembea kilomita ishirini, na kikundi kinachotaka kujua kama kinaweza kuishi pamoja siku mbili mfululizo. Hilo la pili si mchezo. Nani anakoroma, nani hapiki, nani anakasirika akiwa na njaa: bora mjue Newala kuliko kujua siku ya pili ya safari.

Chaguo kwa hali yenu

Mkiwa na miezi minne: lami iwe chakula cha kila wiki, mchanga mara moja katikati ya wiki, na Newala safari mbili, ya kwanza mwezi wa pili na ya mwisho wiki tatu kabla ya kuondoka. Msisogeze karibu zaidi, misuli inahitaji muda wa kupona.

Mkiwa na mwezi mmoja: kaeni kwenye lami. Jumamosi na Jumapili mfululizo, hata kama ni kilomita kumi na tano tu kila siku, kwa sababu kuamka na miguu iliyochoka na kutembea tena ndicho kitu msichokijua bado. Na mfikirie kwa uzito kupunguza safari, labda muanzie Mnazi Mmoja badala ya Lindi mjini. Wachangiaji hawatawadai tofauti.

Mwenye goti au nyonga yenye jeraha la zamani: mchanga ulioloa, na lami kidogo kidogo. Mteremko wa Newala auache hadi ajue goti linasema nini.

Mkiwa na wanachama wa Mtwara na wa Lindi: kila upande ufanye kwake, mkutane mara moja kwa mwezi kwenye kipande cha barabara yenyewe. Kipimo cha kukutana kiwe mwendo wa pamoja, si nani amefika wa kwanza.

Mazoezi yakiangukia Ramadhani: msilazimishe saa za mchana. Matembezi mafupi ya mjini baada ya tarawehe yanalinda ulichokijenga, na Shangani usiku mkiwa kundi ni pazuri. Mazoezi marefu yasubiri hadi baada ya Idi. Asiyefunga aende na ratiba hiyohiyo, ndivyo kikundi kinavyokaa pamoja.

Yeyote kati yenu, eneo lolote, akianza kuongea ovyo, kuyumba, au ngozi ikawa moto kupita kiasi, zoezi limeishia hapo. Kivulini, kumwagiwa maji mwilini, kupepewa, na hospitali. Msingoje aseme mwenyewe kwamba anaumwa, kwa sababu aliyezidiwa na joto mara nyingi husema yuko sawa.

Na kabla hamjatangaza tarehe, mtu mmoja apewe kazi ya kwenda polisi na ofisi za halmashauri zote mtakazopita, Lindi na Mtwara, kutoa taarifa ya matembezi na ya ukusanyaji wa michango. Apewe mapema, siku ileile mnayopanga zoezi la kwanza, kwa kuwa barua hizo huenda polepole kuliko nyie.